Inchi Moja kwa Pima Moja

Kidirisha kilidondokea ndani saa nne za usiku, siku ya tatu baada ya kulifunga tumbo la ndege. Niliinua modeli nipulize vumbi la msasa, nikasikia kitu kinacheza humo ndani kama kokoto kwenye kibuyu. Nikaisogeza karibu na taa. Ubavuni kushoto, kidirisha cha tatu kutoka omo, yaani mbele ya chombo, hakipo, limebaki tundu jeusi. Kipande chenyewe ni plastiki angavu, upana wake haupiti kichwa cha njiti ya kiberiti. Nilikuwa nimevibandika vyote kwa ndani kimoja kimoja kwa kikoleo, jioni nne mfululizo, na kabla ya kufunga nilivigusa vyote kwa kijiti kuhakikisha vimeshika. Kimoja hakikushika. Nilizima taa nikaenda kulala, maana kazi hii ukiifanya na hasira unaharibu hata kilichokuwa kizima.

Ndege ninayoisema ni Short Sunderland, ndege ya majini ya Waingereza wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, modeli ya plastiki ya kipimo cha 1:72. Mimi ni fundi wa mashine za boti hapa Lamu, mtaa wa Langoni. Mchana kutwa mikono yangu imo kwenye kabureta na maji ya chumvi. Usiku baada ya isha, nikishakula, natandika gazeti juu ya meza iliyo chini ya dirisha, nawasha taa mbili ili kivuli kisinidanganye, naunda ndege. Nasema naunda, sisemi najenga, kwa sababu kwetu nyumba hujengwa lakini chombo huundwa, na hii Sunderland ni chombo kabla ya kuwa ndege.

Hii ni ya tisa. Nane za kwanza hazikunipa kazi kama hii moja.

Niliipata Shela mwaka jana mwezi wa Julai, kusi likivuma. Mgeni mmoja aliyekaa pale miaka mingi alikuwa anahama na anauza vyombo vya nyumba, nami nilikwenda kutazama jenereta. Chini ya kitanda cha ukumbini niliona boksi limelegea kwa unyevu, pichani ndege nyeupe yenye injini nne inagusa maji. Nilipolifungua nikaona vipande karibu vyote vimo, vingine bado vimeshikana na vijiti vya fremu yake. Bawa la kulia lilikuwa limepinda kwa joto la miaka. Karatasi ya dekali, zile alama na herufi za kubandika, imegeuka rangi ya chai ya maziwa. Kioo cha pua kina ufa. Kalibu yenyewe ni ya zamani, ya enzi za babazetu, na plastiki yote imejaa vinundu vya riveti kama ngozi iliyoota harara. Jenereta niliiacha. Boksi nililipa shilingi elfu moja na mia tano, nikarudi nalo Lamu kwa boti nikiwa nimelifunika kwa koti la mvua lisipigwe na mawimbi.

Babu yangu alikuwa barazani nilipofika. Babu alikuwa fundi wa majahazi kule Matondoni, mtu wa tezo, keekee na msumeno tangu akiwa kijana mdogo mpaka mikono ilipoanza kumtetemeka. Sasa anakaa nasi, na mtoto wa jicho amemfunika macho yote mawili, anaona mwanga na maumbo tu. Aliuliza nimebeba nini. Nikamwambia. Akauliza ina ukubwa gani. Nikamwambia moja kwa sabini na mbili.

"Sabini na mbili nini?"

"Inchi moja ya hii, babu, ni inchi sabini na mbili za ndege yenyewe."

Alinyamaza akihesabu kwa vidole. "Inchi sabini na mbili ni futi sita. Futi sita ni pima. Basi ungalisema inchi moja kwa pima moja, mwanangu, ningalikuelewa tangu mwanzo."

Miaka kumi na moja naunda vitu vya 1:72 na sikuwahi kuliona hilo. Niliichukua namba kama ilivyoandikwa kwenye maboksi, kumbe ni kipimo cha mabaharia kile kile ambacho babu alikipima kwa mikono miwili iliyonyooshwa, ncha ya kidole hadi ncha ya kidole. Tangu siku ile sishiki tena kikokotoo. Sunderland halisi ilikuwa na upana wa mabawa unaokaribia futi 113, yaani pima kumi na tisa kasoro kidogo, na modeli yangu ni inchi kumi na tisa kasoro kidogo. Urefu ni pima kumi na nne na kitu. Jahazi kubwa kupita yote aliyounda babu lilikuwa pima tisa kutoka hanamu ya mbele hadi fashini ya nyuma. Alipolisikia hilo alitaka nimweleze habari zote za chombo hiki, nami nikawa kila jioni namsomea nilichokipata, na kila nilichomsomea kilinirudisha mezani nikitazame kipande cha plastiki kwa jicho jipya.

Kwa mfano nanga. Sunderland ilibeba nanga yake puani kama chombo chochote. Kibanda cha bunduki cha mbele kilirudishwa nyuma juu ya reli, baharia akasimama kwenye uwazi ule, akalidaka boya. Ndani kulikuwa na sakafu mbili, jiko, vitanda na choo, na mabaharia wake walilala humo chombo kikiwa kimetia nanga. Mabomu yalikaa tumboni, na wakati wa kazi yalitoka kwa reli kupitia milango ya ubavuni hadi chini ya mabawa. Babu aliyapita mabomu kama hakuyasikia. Aliuliza, "Na ngama yake iko wapi? Mai yakiingia wanayakumba na upo?" Upo ni kata ya kukumbia maji. Nikamwambia walikuwa na pampu, na kukagua ngama, pale chini yanapokusanyika maji, ilikuwa kazi ya kila siku chombo kikiwa bandarini, tena hata bati lililofungwa kwa riveti huvuja. Alitikisa kichwa kwa kuridhika. Chombo kisichokuwa na ngama asingekiamini.

Kilichomshinda ni ngazi. Chini ya tumbo la Sunderland, karibu na katikati, mkuku, ule uti wa chini wa chombo, haushuki sawasawa mpaka nyuma. Unakatika ghafla kama kidato, halafu unaendelea juu zaidi. Kwa mtu wa jahazi hilo ni kosa, maji yatazunguka pale na kukikamata chombo. Mimi boti za mwendo kasi nazijua, nikamweleza: jahazi halihitaji kuyaacha maji, ndege inahitaji. Maji hung'ang'ania tumbo laini, na kile kidato kinaiingiza hewa chini yake ili maji yaachie. Hata hivyo bahari ikilala kama mafuta, ndege ya majini hutaabika kung'oka, na rubani hufurahi akipata viwimbi vidogo. Babu aliniomba kipande chenyewe, akapitisha kidole gumba kwenye kidato kwenda na kurudi mara nyingi.

Hizi ndege zilifika kwetu. Kabla ya vita, mwaka 1937, ndugu zake wa kubeba abiria na barua, za Imperial Airways, zilianza safari za Southampton hadi Durban, na zilitua Kisumu, Mombasa, Dar es Salaam na Lindi. Baba yake babu alisimulia kwamba aliwahi kuiona moja ikishuka Mombasa, na kwamba watu walikimbilia ufukweni wakidhani inazama. Halafu mwaka 1943 kikosi nambari 230 cha jeshi la anga la Uingereza kilihamia Dar es Salaam na Sunderland zake, kikazunguka Bahari ya Hindi kutafuta nyambizi. Kazi hiyo haikuwa mchezo. Tarehe 12 Februari 1944 meli ya Khedive Ismail, iliyotoka Mombasa ikielekea Colombo, ilipigwa na nyambizi ya Kijapani karibu na visiwa vya Maldivi, wakafa watu 1,297, mamia kati yao askari wa Afrika Mashariki. Nilipolisoma hilo niliacha kuiona modeli hii kama kitu cha Waingereza peke yao. Kuna vijana wa bara na pwani yetu waliopita kwenye maji yale wakiangalia juu wakitumaini kuona kitu cha rangi nyeupe.

Kazi yenyewe niliianza kwa riveti. Chukua rula uipime moja: kama nusu milimita. Izidishe mara sabini na mbili, unapata milimita 36, pana kuliko kifuniko cha chupa ya soda. Hakuna ndege iliyofungwa kwa vifuniko vya soda. Wapo wanaozipenda hivyo hivyo kwa sababu ndivyo modeli zilivyokuwa utotoni mwao, nami siwalaumu, lakini mimi nilizisugua. Sikuzimaliza. Nilitumia msasa wa maji, namba 600 halafu 1000, nikisugua kwa mviringo, nikiosha, nikikausha, mpaka vinundu vikashuka kiasi cha kuhisika kwa kidole bila kuonekana kwa mbali. Wiki tatu. Maji kwenye bakuli yaligeuka maziwa kila jioni.

Bawa lililopinda lilikuwa jepesi kuliko nilivyoogopa. Maji ya moto ya birika, yaliyoacha kuchemka kidogo, kwenye sufuria ya pilau kwa sababu ndiyo ndefu. Unazamisha bawa, unahesabu mpaka ishirini, unalitoa, unalinyoosha kwa vidole taratibu, unalitia kwenye maji baridi. Likikataa unarudia. Lilikubali mara ya nne.

Sasa nije kwenye maungio, maana ndipo nilipokaa miezi miwili na ndipo nilipojifunza kitu.

Gundi ya modeli si gundi kama ya mbao. Plastiki hii ni polistirini, na ile gundi nyepesi kama maji huiyeyusha. Unaviweka vipande viwili pamoja, unagusa brashi kwenye mstari, gundi inajivuta yenyewe ndani ya ufa, kingo mbili zinalainika na kuingiana, na zikikauka zimekuwa plastiki moja. Ukibana kidogo wakati ule, kijiuji cha plastiki iliyoyeyuka hutokeza juu ya mstari kama shanga. Nalipenda lile jambo kuliko yote. Mtepe, ule uliokuwa ukiundwa visiwa vyetu zamani na ambao mfano wake uko makumbusho, ulishonwa kwa kamba za nazi bila msumari hata mmoja. Jahazi la babu lilishikwa kwa misumari. Hii inashikwa na mwili wake mwenyewe.

Lakini hayo yote yanataka kingo zikutane, na bawa la kulia halikukutana na tumbo. Bawa la Sunderland hukaa juu kabisa, begani. Nilipolijaribu bila gundi, mbele palifunga vizuri, halafu mwanya ukazidi kufunguka kuelekea nyuma mpaka sarafu ya shilingi kumi ikapita.

Nilifanya anavyofanya kila mtu. Nililibandika palipokutana, nikaujaza mwanya kwa puti, nikangoja siku mbili, nikasugua. Palikuwa pazuri. Baada ya wiki ufa ukarudi, mwembamba kama unywele, urefu wote wa ungo, pale bawa linapoungana na tumbo. Puti hukauka kwa kupoteza dawa iliyoilainisha, na ikipoteza inapungua; ikiwa nyembamba haipungui kitu cha kuonekana, ikiwa nene inajivuta na kujipasua. Nilitia tabaka la pili. Ufa ukarudi mahali pale pale.

Nilimpa babu aishike. Akapitisha ukucha.

"Hapa umetia nini?"

"Puti, babu."

"Na chini ya puti?"

"Hapana kitu. Puti tupu."

Aliirudisha mezani kwa uangalifu kama mtu anayemlaza mtoto. "Pamba haishiki chombo," alisema. "Mbao ndizo zinazoshika chombo. Pamba inazuia mai tu. Mtu akikuletea chombo kina ufa wa kuingia kidole, ukaupigia pamba kwa chembeu na nyundo mpaka ukajaa, ukapaka sifa, yale mafuta ya papa, juu yake, kitaelea. Kitafika hata Kiwayu. Siku ya bahari mbaya mbao zinacheza, pamba inatoka yote kwa pamoja, na nahodha hana la kufanya. Ufa mpana hutiwa ubao kwanza. Unachonga ubao mwembamba unaoingia kwa kugongwa. Halafu kilichobaki, ule uzi, ndio wa kukalafati."

Nilikuwa nimemwona akifanya hivyo mara ngapi? Nilikuwa mtoto wa kumpa misumari. Nilimwona akichonga vile vibao vyembamba na sikujua navitazama kwa sababu gani.

Ilinichukua jioni mbili kuitoa puti yote kwa ncha ya kisu bila kujeruhi bawa, na moja zaidi kulifungua lile ungo nililokuwa nimelibandika. Halafu nikatafuta ubao wangu. Hapa Lamu huendi dukani ukanunua karatasi za polistirini. Nilikwenda kwenye mapipa nyuma ya jiko nikapindua vikopo vya mtindi kimoja kimoja kutazama chini. Ndani ya ile pembetatu ya mishale huwa kuna namba; inayotakiwa ni 6, ndiyo polistirini, nyingine gundi haziyeyushi na utabandika mpaka uchoke. Nilipata vitatu. Nilivikata vipande virefu, nikavipanga kwa tabaka: nyuma vitatu, katikati viwili, mbele kimoja nilichokisugua mpaka kikawa si kitu. Nikaviyeyusha kwenye shina la bawa, nikangoja usiku mzima, nikasugua, nikajaribu, nikasugua tena. Jioni ya sita sarafu haikupita. Jioni ya nane karatasi haikupita.

Na kwa kuwa nilikuwa nimeshafungua, nilitoboa shina la kila bawa nikapitisha ufito wa chuma wa mwavuli mbovu kutoka bawa moja hadi jingine kupitia tumboni. Mabawa haya ni marefu na yana maboya mawili karibu na ncha, na mabawa yakilegea hata milimita mbili boya moja litakaa juu kuliko jenzake na kila atakayetazama kutoka mbele ataliona. Sasa unaweza kuishika ndege kwa ncha ya bawa ukaiinua. Kijistari kilichobaki nilikipa puti, nyembamba, mara moja. Ni miezi minne sasa na hakuna ufa.

Nimewahi kuunda modeli za kisasa, zile ambazo vipande vinaingiana kwa sauti ndogo na unamaliza kwa jioni tano. Ninazo mbili juu ya kabati na ni nzuri. Ila ukiniuliza nilifanya nini kwenye yoyote kati ya hizo sina la kukusimulia, na hii ya mgeni wa Shela naijua kila ncha yake gizani.

Lile tundu la kidirisha lilipona kirahisi kuliko vyote. Unachukua gundi nyeupe ya mbao, ile ya seremala, unachovya kijiti cha meno, unakizungusha kwenye ukingo wa tundu mpaka gundi ivutike katikati iwe utando. Inakuwa nyeupe kama tui, na unaona umeharibu. Usiiguse. Asubuhi utando umekauka ukawa angavu kama kioo, una kijibonde kidogo katikati kinachonasa mwanga. Kilitoka kizuri mno hata nikatamani vingine vyote vingeanguka. Kile kilichodondoka bado kiko ndani na kitabaki humo. Kila nikiigeuza ndege nakisikia kikitembea kwenye ngama.

Kioo cha pua nilikitengeneza upya kwa chupa ya maji ya kunywa. Nilichonga umbo la pua kwa kipande cha mkoko kutoka kwenye boriti kuukuu, nikalivisha chupa, nikaipasha moto taratibu mpaka ikajibana kwenye mti. Chupa ya tano ndiyo iliyokubali.

Rangi ilibidi ingoje kaskazi. Modeli yangu ya tano niliipaka vanishi isiyong'aa mwezi wa Mei, mvua za masika zimeshika, hewa unaweza kuikamua, na vanishi ikakauka na ukungu mweupe ndani yake ambao haukutoka tena. Sasa kuanzia Aprili naunda tu, sipaki. Januari nilianza. Napaka baada ya swala ya alfajiri, kabla upepo haujaamka na kabla punda hawajaanza kupita na mchanga wa ujenzi, maana vumbi la matumbawe likitua kwenye rangi mbichi ni kuanza upya. Tumboni na ubavuni ni nyeupe, mgongoni kijivu cha aina mbili. Nyeupe haina huruma. Mikwaruzo niliyoapa kuwa nimeimaliza yote ilijitokeza kwenye tabaka la kwanza. Nilipaka matabaka manne, membamba, nikisugua kati ya moja na jingine.

Dekali za rangi ya chai nilizitia kwenye mfuko wa plastiki angavu nikazibandika kwa selotepu kwenye kioo cha dirisha linalopigwa na jua la asubuhi. Baada ya wiki mbili na nusu jua la Lamu lilikuwa limezila zile njano zote. Kwa kuwa karatasi za zamani huvunjikavunjika zikiguswa na maji, nilizipaka vanishi angavu kwanza zishikane, ndipo nikazikata na kuziloweka. Zilitelezea mahali pake zikiwa nzima, hata ile herufi ndefu ya ubavuni niliyoiogopa.

Zilizobaki zilikuwa antena. Sunderland ya aina hii ilikuwa na rada ya kutafutia nyambizi, na antena zake ni nguzo nne zilizosimama mgongoni na safu za vijiti ubavuni. Inasemekana Wajerumani waliiita nungunungu arukaye. Kwenye boksi langu nyingi zilikuwa zimevunjika, na zilizopo zilikuwa nene kama misumari. Nyaya za kati yake nilizivuta mwenyewe. Unafunga dirisha na kuzima feni. Unawasha mshumaa. Unachukua kijiti cha fremu ya plastiki, unakishika juu ya ule moto, si ndani yake, ukikizungusha kwa vidole mpaka katikati paanze kung'aa na kulegea. Unakitoa kwenye joto, unahesabu moja, unavuta mikono yako kwa pamoja bila kusita. Katikati unatokea unywele mrefu, mweusi, unaoyumba kwa pumzi yako. Ukivuta upesi unakuwa mwembamba kama utando wa buibui, ukivuta pole unakuwa mnene. Kwa nyaya za Sunderland nilivuta upesi, nikatupa mingi, nikabakiza dhiraa mbili hivi za ile myembamba. Niliibandika kwa tone la gundi kwenye ncha ya sindano, na ukipitisha njiti ya ubani iliyozimwa sasa hivi chini ya uzi uliolegea, bila kuugusa, unajikaza wenyewe ukawa kamba ya tanga.

Jana jioni niliona nimemaliza. Nilikuwa nimeitengenezea vikalio viwili vya mbambakofi kutoka kwenye masalio ya babu, kama chombo kilichopandishwa ufukweni kufanyiwa kazi, nikaiweka juu yake, nikamwita.

"Ndoo, babu. Imekwisha."

Alikuja taratibu akishika ukuta, akaketi, akanawa mikono kwenye bakuli nililomwekea akaikausha kwa kanga. Halafu akaanza omo. Alipapasa kioo cha chupa, akashuka kwenye hanamu, akapitisha ukucha wa kidole gumba kwenye mkuku pole pole, kama alivyokuwa akifanya kwenye maungio ya mbao kabla hajamruhusu mtu kupaka deheni. Akafika kwenye kidato. Akakivuka. Begani akalipata lile ungo la bawa la kulia, akapita juu yake mara mbili, na ukucha haukushikwa na kitu. Hakusema neno, ila nilimwona. Akarudi chini, nyuma ya kidato, karibu na mkiani, akasimama.

"Hapa."

Nilitazama. Sikuona kitu. Nyeupe tupu. Nikaleta tochi nikaimulika kwa ubavu, karibu kuigusa, na ndipo kikaonekana: kijibonde chembamba kwenye mstari wa mkuku, urefu wa punje ya mchele, mahali ambapo kingo mbili za tumbo hazikujaa kabisa. Matabaka manne ya rangi yalikuwa yamepita juu yake na macho yangu mazima yamepita juu yake miezi sita.

"Ni chini, babu," nilisema. "Ikikaa kwenye vikalio hakuna atakayepaona."

Hakunijibu. Aliendelea kukiweka kidole pale pale, akingoja.

Nimeikwangua rangi pale usiku huu, sehemu isiyozidi ukucha. Kijibonde ni chembamba, si cha ubao, ni cha puti peke yake, nyembamba, mara moja. Imeshatiwa na inakauka kwenye kizingiti cha dirisha. Baada ya alfajiri nitaisugua kwa namba 1000 na maji, halafu nyeupe, na kama upepo utachelewa kidogo nitaweza kutia tabaka mbili kabla sijakwenda gatini. Babu amesema nimwamshe.